Harage Langu kwenye Mawe Matatu

Kosa lilikuwa la mkono wangu, huu wa kulia ninaopimia dagaa. Ningeacha kichwa kifanye kazi yake, lile harage ningeliweka kwenye kivuko kama wanawake wenzangu, nikarudi kukaa na kunywa soda ya mradi, yakaisha. Lakini mimi Wankyo ni mtu wa kiherehere. Nikajifanya mkweli.

Ulikuwa mkutano wa njia. Mradi ulikuwa umekuja kutaka kutengeneza njia za watembea kwa miguu na baiskeli, mtandao mzima, kutoka Musoma mjini ije Nyegina, ipite kwetu, ifike Butiama, na tawi jingine liende mpaka Bunda. Njia za kweli, za changarawe, zenye vivuko vya zege na miti pembeni, siyo hizi za kugombania na ng'ombe na bodaboda. Mtaalamu wao alikuwa dada mmoja anaitwa Jenipher, mwembamba, amevaa mabuti, sauti ya ualimu. Alisema wao hawachori njia ofisini halafu watuletee. Sisi ndio tunapita, kwa hiyo sisi ndio tutasema. Nilimpenda hapohapo. Watu wa kutuuliza hawajagi kwetu kila mwaka.

Kwenye sakafu ya ghala la zamani la pamba wakatandaza picha kubwa ya eneo letu iliyopigwa kutoka angani. Ukiinama unaona kila kitu: paa la kanisa, kibanda cha Mniko fundi baiskeli, tanuri la matofali, mto, kivuko, na juu ya kivuko, mwendo wa kama dakika kumi, yale majabali tunayaitaga Mawe Matatu. Jenipher akagawa punje tatu kwa kila mtu. Wanaume mahindi, wanawake maharage, ili baadaye ajue nani anaogopa nini. Akasema kila mmoja aweke punje zake pale anapoogopa kupita, na asimwangalie jirani.

Wanaume wakatangulia, kama kawaida yao, huku wakitaniana kwamba mwanaume haogopi kitu ila mke wake. Dada wa watu akawa anawapiga picha kwa simu. Kisha zamu yetu. Harage la kwanza nikaliweka kwenye tanuri la matofali, kwa sababu ya mbwa wakali wa pale. La pili nikaliweka njia panda ya kilabu cha pombe. La tatu, kila mwanamke aliliweka kwenye kivuko, pale ambapo kijana wetu Ephraim alichukuliwa na maji mwaka juzi. Maharage yakajaa mpaka mto hauonekani. Nami nikanyoosha mkono. Ukapita kivuko, ukapanda juu, ukaliacha harage kwenye Mawe Matatu. Wala sikutazama kama pana kitu kingine pale. Niliweka nikautoa mkono haraka kama mtu aliyegusa sufuria.

Nilipoinua macho, mtu mmoja tu alikuwa ananiangalia, naye ni Baltazari.

Huyu ndiye mwenyekiti wetu wa kamati ya njia, tuliyemchagua wenyewe kwa kunyoosha mikono, na mimi nilinyoosha wa kwanza, kwa kuogopa asije akaona sijanyoosha. Mtu wa ng'ombe wengi, maneno matamu, bangili ya shaba mkononi, msibani anafika kabla ya ndugu. Alikuwa amesimama upande wa pili wa ile picha. Akatazama harage langu, akanitazama mimi, akatabasamu.

Ngoja niseme nilichokiona, maana nilikificha miaka miwili na sasa sina sababu ya kukificha.

Mwaka juzi, mvua za masika, nilikuwa natoka Butiama kuuza furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Baiskeli yangu ilikuwa kwa Mniko, kwa hiyo nilikuwa natembea na beseni kichwani. Saa tisa mchana. Nilipofika Mawe Matatu nikaingia nyuma ya jabali kwa haja zangu. Nikiwa huko nikasikia watu wanagombana njiani. Nikachungulia. Ephraim alikuwa ameshuka kwenye baiskeli yake, anamwambia Baltazari kwamba ng'ombe wake wamemaliza pamba, safari hii anakwenda kumshtaki. Ephraim huyo ni mtoto wa Bibi Boke, baiskeli nilimfundisha mimi akiwa hata miguu haifiki pedali. Baltazari akamwambia apunguze sauti. Ephraim akazidisha. Fimbo ikapanda mara moja tu, ikampata nyuma ya sikio. Akaanguka, hakuinuka tena.

Baltazari akachuchumaa pale, akamwita kwa jina. Akamwita tena, na tena. Baadaye akatazama huku na huku, akambeba begani, akashuka naye mtoni. Baiskeli akaiacha kwa safari ya pili. Hapo ndipo nilipokimbia. Kamba ya ndala ilikatika, sikuijali, nikafika nyumbani na ndala moja. Ile iliyobaki niliitia motoni jioni hiyohiyo, nikanunua nyingine, na majirani nikawaambia mbwa amebeba ya kushoto. Mniko alinicheka wiki nzima, maana kamba ile yeye ndiye alikuwa ameishona.

Kesho yake maji yalipopungua Ephraim akakutwa kwenye kivuko, baiskeli kando yake. Kila mtu akasema maji. Mniko peke yake alisema baiskeli iliyosombwa na mafuriko haiwezi kutoka na rimu zimenyooka vile, lakini nani anamsikiliza fundi baiskeli msibani? Baltazari ndiye alileta shuka la kumfunika marehemu.

Na mimi nikanyamaza. Niliogopa, sina maneno ya kuliremba. Mume wangu Thadeo anafanya kazi ya ulinzi Bunda, binti yangu Tabitha yuko Musoma mjini, Mukendo, na biashara zake, mimi nalala peke yangu kwenye nyumba yenye mlango wa mabati. Kila siku nilijua kwamba kuna ndala moja ya mwanamke iliyobaki kwenye mawe, na nilipokwenda kuitafuta baada ya wiki sikuikuta. Mtu aliiokota. Miaka miwili nilikuwa nawaza mtu huyo anaitazama miguu yetu wanawake, mmoja mmoja.

Sasa sikiliza ubaya wa jambo hili. Ukoo wa kina Boke, mtu aliyechukuliwa na maji hazikwi bomani. Huzikwa palepale maji yalipomwacha, asije akaingia nyumbani na kuwaita wengine. Kwa hiyo Ephraim alizikwa ukingoni, karibu na kivuko, wakati baba yake na babu zake wote wamelala nyuma ya nyumba. Mstari mwekundu wa njia mpya, ambao kamati yetu ilimpendekezea Jenipher naye akatuonyesha siku ile, ulikuwa unapita juu ya kaburi lake kabisa.

Tulipomaliza punje Bibi Boke akasimama. Mama mzee, mfupi, haombagi kitu. Akasema anaomba njia isimkanyage mtoto wake kifuani. Kulala nje ya boma kunamtosha. Baltazari akajibu kwa upole sana, akasema kamati haiwezi kupindisha njia ya watu wote, lakini yeye mwenyewe atatoa watu wa kuchimba, watamhamisha Ephraim kwa heshima, huko juu nyuma ya vichaka, mbali na njia. Boke akamshukuru kwa mikono miwili.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, nipo uani naanika dagaa, nikasikia hodi.

Aliniita shemeji, maana yeye na Thadeo walitahiriwa mwaka mmoja. Akakaa kwenye kigoda, akaomba maji. Nilimpa, maji yakamwagika kwenye kiatu chake. Nikaomba radhi mara tatu. Akauliza habari za Thadeo. Akauliza bei ya dagaa. Akasema mvua mwaka huu zitachelewa. Halafu akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti, akakifungua taratibu juu ya goti lake. Ndala. Ya bluu, ya mguu wa kushoto, kamba imeshonwa kwa uzi mwekundu wa nailoni.

"Nimekitunza hiki miaka miwili, shemeji," akasema. "Mwenyewe nilikuwa simjui."

Nilikuwa natazama bangili yake inavyopanda na kushuka.

Akanieleza kwamba Alhamisi Jenipher na watu wake watatembea njia nzima kwa miguu, na kila mwenye punje ataeleza palepale mbele ya watu aliogopa nini. Jina langu ameliandika yeye mwenyewe kwenye orodha, kwa sababu nisipotokea watu watajiuliza. Pale kwenye mawe nitasema chatu. Chatu wapo, nani atabisha?

"Nyumba yako iko peke yake sana," akasema akiinuka. "Thadeo angekusogeza karibu na watu."

Akamaliza maji yote, akashukuru, akaiacha ndala kwenye kigoda. Nilikaa chini kwenye vumbi, kuku wanakula dagaa zangu mbele ya macho yangu, nisiweze hata kusema kisi kuwafukuza.

Mchana huohuo nilifunga nyumba nikaenda Bunda. Thadeo amepanga chumba Kabasa, jirani na kiwanda cha kuchambua pamba anacholinda. Alishangaa kuniona, akadhani kuna msiba. Nikafunga mlango, nikamwambia yote tangu mwanzo, kwa mara ya kwanza kumwambia binadamu. Alisikiliza akiwa ameshika soksi moja mkononi. Nilipomaliza akaniuliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema hakuna.

"Basi na mimi usingeniambia," akasema.

Sijawahi kusikia upweke kama ule, na mtu nimezaa naye. Lakini sikumkasirikia. Niliona uso wake, nikajua sasa tuko wawili tunaoogopa, ndiyo faida pekee niliyoipata. Akasema nibaki Kabasa, nianze hata kuuza nyanya, nyumba ya kule tutaona baadaye. Na hiyo ndala nikaitupe chooni. Nilikwenda nayo. Nikasimama juu ya tundu, nimeishika, na nikashindwa. Nilifikiri, hii ikizama, nitakuwa sikuwahi kupita pale, na Ephraim atakuwa kweli amechukuliwa na maji. Nikarudi nayo nikaificha chini ya kanga kwenye beseni langu.

Nilikaa Kabasa siku mbili. Kila mwanaume aliyepita na bangili, moyo paa! Kila hodi, naingia nyuma ya pazia. Jirani mmoja akamuuliza Thadeo kama mke wake anaumwa. Nikagundua kwamba nimekimbia nyumba tu. Woga nilikuwa nimepanda nao gari.

Jumatano jioni simu ikaita, namba ya Mniko. Kumbe ni Bibi Boke ameazima. Akanilaumu kidogo kwamba nimesafiri bila kuaga. Akasema wachimbaji wa Baltazari wameshafika, kesho wataalamu wakishapita kivukoni, watamtoa Ephraim kumpeleka kule juu vichakani.

"Njoo unishike mkono, mwanangu," akasema. "Wewe ndiye ulimfundisha baiskeli."

Nikasema nitakuja. Mdomo ulisema kabla sijaufunga. Usiniulize ujasiri, sikuwa nao. Nilichoona mimi ni mkono wa Baltazari ukimfukua yule mtoto na kumpeleka mbali zaidi na nyumbani, na mama yake akisema asante. Kitu hicho kilikataa kushuka kooni. Na hata hivyo, usiku ule nilipanga kabisa nitakachosema kwenye mawe. Nitasema chatu, nitashuka kumshika Boke mkono, nitarudi zangu Kabasa. Asubuhi Thadeo hakunizuia wala hakunisindikiza.

Tulikuwa watu kama kumi na tano. Jenipher mbele na karatasi zake, mtendaji wa kijiji, Mniko akisukuma baiskeli, Baltazari na fimbo yake, wanawake watano, wengine wanakamati. Tulianzia upande wa Butiama, jua likiwa bado dogo. Kila tulipofika penye punje, Jenipher anasimama, anauliza, mwenye punje anaeleza, yeye anaandika. Kwenye tanuri wanawake watatu tulisimulia habari za mbwa. Kwenye kilabu watu walicheka, maana mwenye kilabu naye alikuwa ameweka hindi lake palepale, anaogopa wateja wake mwenyewe. Ilikuwa kazi nzuri. Ningekuwa mtu mwingine ningeifurahia.

Baltazari alikuwa anatembea nyuma yangu. Njia ni nyembamba, huwezi kwenda sambamba. Kila nilipopunguza mwendo, yeye anapunguza. Nilikuwa nasikia fimbo yake inagusa majani, nikawa nahesabu hatua kwa kinywa kilichofungwa, kichogo kimenikaza kama kuna mtu ameweka kidole pale.

Tukafika Mawe Matatu. Hapakuwa na chochote. Majabali, nyasi, mijusi wanaota jua. Beseni lilikuwa ubavuni mwangu na kanga ndani yake.

Jenipher akatazama karatasi. Akasema hapa kuna harage moja, la nani? Nikanyoosha mkono. Kabla sijafungua mdomo Baltazari akacheka, akasema Mama Tabitha anaogopa chatu, wanawake bwana. Yeye amechunga hapa tangu utoto, hapa hakuna kitu cha kumtisha mtu. Watu wakacheka pia.

Nikaitikia. Naomba ulijue hilo. Nilitikisa kichwa kukubali, nikasema, ndiyo, chatu. Jenipher akaandika. Niliona kalamu inaandika, nikapata nafuu. Mwendo wa dakika kumi tungekuwa kivukoni.

Lakini Jenipher hakufunga karatasi. Akasema, na hili hindi? Kulikuwa na hindi hapa kabla ya harage. Wanaume wakatazamana, kila mmoja akakana. Baltazari akasema itakuwa limeviringika kutoka kivukoni. Jenipher akasema hapana, yeye hupiga picha kila hatua kwa ajili ya ripoti. Akatoa simu, akapekua, akaigeuza tuione. Ilikuwa picha ya mkono. Vidole vinaweka hindi juu ya Mawe Matatu, na kwenye kifundo cha mkono bangili ya shaba, ile ambayo watu wote tunaijua.

"Mzee Baltazari, si mkono wako huu?" akauliza, kwa heshima kabisa, kalamu tayari. "Umesema hapa hakuna cha kumtisha mtu. Wewe uliogopa nini?"

Binti wa watu hakujua kitu. Alikuwa anauliza kama alivyouliza habari za mbwa.

Macho ya Baltazari yakashuka chini, siyo popote tu, yakaenda kwenye kipande kile cha ardhi alipochuchumaa siku ile. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye mvi. Mpaka leo sijui kama lile hindi alilitega aone nani atakuja kuweka la pili, au na yeye mkono ulimponyoka kama mimi. Ninachojua ni kwamba miaka miwili nilidhani mahali hapa ni pangu peke yangu, kumbe tulikuwa tunapaogopa wawili. Na hilo halikunipa nguvu. Liliniogofya zaidi, maana mtu anayeogopa kiasi kile, na fimbo mkononi, na mimi nimesimama hatua mbili tu, hashindwi kitu. Akainua macho akanitazama. Nikajua kwamba hata nikisema chatu mara mia, huyu hataniacha. Nitakufa na chatu wangu mdomoni.

"Dada Jenipher," nikasema, "futa chatu."

Nikaingiza mkono kwenye beseni, nikatoa ndala, nikaiweka juu ya jabali mbele ya watu. Nikasema hii niliiacha hapa mwaka juzi, saa tisa mchana, siku ambayo Ephraim alikufa. Nikasema nilichokiona: ng'ombe, pamba, fimbo, mtu amebebwa begani kupelekwa mtoni. Nikasema nani aliniletea ndala hii nyumbani Jumatatu na aliniambia nini. Sauti yangu ilikuwa ndogo, inakatika, mtendaji akaniambia nirudie. Nikarudia.

Mniko aliegesha baiskeli yake kwenye jabali. Akaichukua ndala, akaigeuza, akavuta ule uzi mwekundu kwa ukucha.

"Kazi yangu hii," akasema.

Baltazari akasema mimi nina wazimu, Thadeo ananijua, kijiji kizima kinanijua. Alisema hivyo mara mbili, ya pili ikiwa chini kuliko ya kwanza. Kisha akakaa juu ya jiwe dogo, fimbo ikaanguka. Akawa anasugua bangili yake.

"Nilimwita," akasema. "Nilimwita mara tatu, hakuitika."

Hilo la kumwita sikuwa nimelisema. Kila mtu alijua sijalisema. Mtendaji akasogea pembeni akapiga simu kituoni, wanaume wengine wakamzunguka Baltazari bila kumgusa, na Jenipher akabaki amesimama na karatasi zake, machozi yanamdondokea kwenye ramani, anaifuta kwa mkono wa shati. Hakuna aliyenisogelea. Wanawake wenzangu walikuwa wananitazama, na sikupenda walivyonitazama. Nilijua wanafikiri nini. Wanahesabu miaka.

Nikachukua beseni langu, nikashuka kivukoni peke yangu. Nilidhani nikishasema woga utaniisha. Kumbe ulikuwa unanisubiri chini.

Bibi Boke alikuwa amekaa kwenye majani pembeni ya kaburi, miguu ameinyoosha, wachimbaji wawili wamesimama na majembe yao. Aliponiona akanyoosha mkono nimshike, kama tulivyoahidiana. Sikuushika. Nikapiga magoti, nikamwambia. Nilimwambia yote, hata la nyuma ya jabali, hata la kukimbia. Hata la chatu.

Hakulia. Alisikiliza akitazama udongo wa kaburi. Alipouliza, aliuliza ilikuwa saa ngapi. Nikasema saa tisa. Akauliza kama mtoto wake alisema kitu baada ya kuanguka. Nikasema hapana, mama. Maji yalikuwa machache siku hiyo, yanapita kwenye mawe ya kivuko bila kelele.

"Siku ya nne ya msiba uliniletea furu," akasema. "Ukanisalimia."

Nikasema ndiyo.

"Na kila wiki ukipita, ulinisalimia."

Nikasema ndiyo, mama.

Akawageukia wachimbaji, akawaambia waende kwao. Akasema mtoto wake hakuchukuliwa na maji, kwa hiyo polisi wakishamaliza, atahamia bomani kwa baba yake, na watakaomchimbia watatafutwa na yeye. Wale watu wakaondoka haraka. Boke alikuwa amemwomba mmoja amwachie jembe, akaliegemea, akainuka taratibu. Nilitaka kumsaidia, akatikisa kichwa.

"Tangulia," akaniambia. "Nionyeshe alipoanguka."

Nikatangulia. Njia ya kupanda mawe ni nyembamba, watu wawili hawaendi sambamba. Nyuma yangu lile jembe lilikuwa linagonga changarawe, linanyamaza, linagonga tena, karibu kabisa na visigino vyangu. Niliogopa kuliko siku zote za miaka ile miwili. Sikugeuka.